Gobori la Corinne na Pindo la Shati

Jumatano, 17 Desemba

Corinne amepiga simu kutoka Pittsburgh. Binti yangu! Muuguzi wa wodi ya moyo. Akienda likizo wagonjwa wanapandwa na presha. Sasa amenunua gobori. Si bunduki kama ile ya baba yake, hapana. Gobori la gumegume, lile la kumimina baruti mdomoni, ukashindilia risasi kwa mdeki, jiwe likagonga chuma, cheche zikaruka. Msimu wa baada ya Krismasi huku kwetu milimani ni wa magobori ya jiwe tu. Anataka kulungu wake wa kwanza ampate hivyo, kama babu yake.

Ameniomba mambo mawili. Kwanza nimnunulie vifaa dukani kwa mzee Hepler, maana yeye yuko zamu mpaka mkesha wa Krismasi. Kila kitu amekiandika kwenye ujumbe. Pili nisimwambie mtu, na hasa shangazi yake Wilda. Maneno yake haya hapa: "Mama, kama ni kukosa, nataka nikose kwa amani."

Kukosa! Mtoto niliyemzaa mimi?

Lakini namwelewa. Kambini kwetu, kwenye kile kibanda cha ukoo cha kuwindia, anayemkosa kulungu hukatwa pindo la shati, lile la nyuma. Linaandikwa jina kwa wino na kupigiliwa ukutani juu ya sinki, likae hapo mpaka kiama. Mwenye mkasi ni wifi Wilda, dada wa mume wangu. Mwanawe Galen hana kitambaa ukutani. Hajawahi kukosa, na mama yake hutukumbusha kabla ya sala ya chakula na baada yake.

Ila Wilda mwenyewe anacho! Cha pamba nzito, mistari ya buluu. Alimkosa kulungu aliyesimama anakula matofaa, karibu kiasi cha kumpiga kwa sufuria. Mimi ndiye huosha vyombo kambini. Watu hunisifu kwa kujitolea. Naosha polepole, macho yangu yako kwenye mistari ya buluu.

Kitambaa cha Corinne hakitapigiliwa pale. Nimeapa.

Nimeahidi pia kunyamaza. Nimemwambia Lamar peke yake, kwa kuwa ni baba wa mtoto. Na yule mama wa posta. Lakini huyo aliuliza habari za Corinne, ningemnunia?

Alhamisi, 18 Desemba

Dukani kwa mzee Hepler. Ujumbe wa Corinne niliuacha nyumbani, kichwa changu kinatosha.

Nikamkuta Galen anachagua soksi. Akaja akasimama nyuma yangu na soksi zake. Mzee Hepler akaniuliza gobori lenyewe ni la jiwe au la fataki. Hapohapo nikauona mtego. Nikisema la jiwe, Galen atajua ni kwa msimu huu. Akijua Galen, kabla ya chakula cha jioni Wilda anajua. Akili yangu hukimbia sana. Hata walimu walikuwa wanasema, ingawa hawakuandika popote.

Nikasema la fataki.

Mzee Hepler akaniletea baruti iliyogandishwa vidonge kama peremende, risasi zilizovalishwa plastiki, na kopo la fataki, vile vikofia vidogo vya kuwashia baruti. Boksi la vidonge lina picha ya dume la kulungu lenye pembe pana kama kiti cha bembea. Ukiliona tu unasikia harufu ya mchuzi. Nikachukua.

Galen akaniambia, "Anti, msalimie Corinne." Nikasema Corinne hahusiki na chochote. Akasema hakusema anahusika. Nikamwambia vizuri, basi tumeelewana.

Jioni mazoezi ya kwaya. Niliwafungulia wenzangu boksi waone vidonge. Sikutaja ni vya nani. Nilisema tu ni vya muuguzi mmoja wa Pittsburgh ambaye mama yake ni sauti ya pili.

Ijumaa, 19 Desemba

Nilimtumia Corinne picha ya vifaa. Akapiga simu. Kwanza akashusha pumzi. Nikafikiri ameguswa.

Hakuguswa. Akanieleza taratibu, kwa ile sauti anayoitumia kwa wazee wanaochomoa mipira ya dripu. Gobori lake halina mahali pa kuweka fataki. Cheche za jiwe huangukia kwenye kisahani chenye baruti laini, moto unapenya kitundu, unawasha baruti ya ndani. Vidonge ni vigumu, cheche haziviwezi. Angevimimina vile angekaa mlimani akibofya mpaka Pasaka.

Kisha akaniuliza kama nilimwambia mzee Hepler ni la jiwe. Nikamweleza mbinu yangu ya siri. Akaniomba nirudie.

Nikarudi dukani. Mzee Hepler hapokei boksi lililofunguliwa, na hili limefunguliwa na sauti ya pili nzima. Akaweka mezani baruti ya chengachenga kwa ajili ya mtutu, na nyingine laini kama unga kwa ajili ya kisahani. Akaweka mawe, na kijiti cha waya cha kuzibulia kitundu. Hapo tulielewana.

Tukaja kwenye risasi. Akauliza kipimo cha mtutu. Nikasema hamsini, hilo nalikumbuka, ni umri wangu wa zamani. Akaleta boksi la risasi ndogo kuliko hamsini! Eti risasi huvikwa kitambaa kabla ya kushindiliwa, kwa hiyo lazima iache nafasi ya kitambaa. Nikamwambia mwanangu hajalelewa kwa vitu vilivyopunguzwa. Akasema ndivyo gobori linavyotaka. Alipoingia stoo kutafuta mfuko nikalirudisha boksi lake rafuni, nikachukua la hamsini kamili. Zinang'aa hizo!

Vitambaa vyake vilivyopakwa mafuta nikavikataa. Vya nini? Mimi nashona. Nusu ya mji huu inakaa juu ya mito niliyoishona mimi.

Jumapili, 21 Desemba

Kanisani nilikuwa nimejiandaa vizuri. Nilifunga mdomo wangu toka wimbo wa kwanza hadi baraka.

Kwenye kahawa Wilda akanisogelea na sahani ya biskuti. Akasema kwa upole amesikia mtu fulani ana gobori jipya. Nikasema sijui anasema nini. Akasema maskini, si lazima kila mtoto awe mwindaji, wengine Mungu kawapa kutandika vitanda.

Kutandika vitanda! Mwanangu anasikiliza moyo wa mtu na kukuambia utavuka Ijumaa au hutavuka!

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Nakumbuka nilikuwa nimepanda kwenye kiti. Watu wananiambia nilitangaza kwamba sufuria la Mwaka Mpya hapa kanisani, kando ya nguruwe na kabichi ya chumvi, litakuwa na nyama ya kulungu wa Corinne. Mchungaji akapiga makofi. Kinababa wakauliza kama litatosha kila mtu. Nikasema litabaki.

Wilda akatabasamu. "Basi nitanoa mkasi, wifi. Nisije nikamkwaruza mtoto."

Lamar alinisaidia kushuka. Akaendesha hadi nyumbani. Tulipofika akasema, "Mama Corinne." Basi. Mwanaume wangu ana maneno machache lakini anajua mahali pa kuyaweka.

Jumanne, 23 Desemba

Nimeshona vitambaa vya risasi siku nzima. Vizuri ajabu. Nimetumia mabaki ya majoho ya kwaya, yale ya zambarau yanayometameta. Nimevikata mviringo na kuvipinda ukingo ili visichanike nyuzi. Kila kimoja kina herufi C kwa uzi wa dhahabu. Hakuna kulungu katika jimbo hili aliyewahi kupigwa kwa heshima hivyo.

Lamar aliinua kimoja akakitazama kwenye dirisha. Akauliza kama ni pamba. Nikamwambia ni joho. Akauliza tena. Nikamwambia yeye ni fundi wa matrekta, aniachie mambo ya nguo. Akakirudisha.

Corinne bado hajajua habari za kiti na sufuria. Hakuna haja ya kumsumbua yuko zamu.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi njema. Binti yangu yupo nyumbani! Amekonda. Amenipa shati la kuwindia, pamba tupu, miraba myekundu, laini kama sikio la ndama. Nimelivaa hapohapo na sitalivua.

Gobori ni zuri mno. Mbao ya mpera mwekundu wa msituni, hivyo ndivyo nilivyoielewa. Corinne akasema ni mti wa mepo, ule unaogemwa sharubati. Sawa.

Baada ya chakula tukajaribu risasi mdomoni mwa mtutu, bila baruti. Risasi yangu ya hamsini kamili ikakaa juu ya kitambaa kama yai juu ya chupa. Haikushuka. Lamar akaipiga nyundo ya mbao, ikaingia robo, ikakwama. Ikawa kazi ya kuitoa. Corinne hakunifokea. Alikaa kwenye ngazi akishika paji la uso, mabega yanatikisika. Nilifikiri analia. Alikuwa anacheka mpaka anashindwa kupumua.

Nikasema nitakwenda kwa mzee Hepler, anakaa nyuma ya duka. Krismasi yote hiyo. Nikagonga. Akafungua amevaa ndara na kofia ya karatasi, na mkononi ameshika lile boksi la risasi ndogo. Akasema amelikalisha kando ya mlango tangu Ijumaa. Aliliona nililolirudisha rafuni, nilikuwa nimeliweka kichwa chini.

Akauliza kama na vitambaa navihitaji. Nikamwambia asante, hilo ni eneo langu.

Corinne akavitazama vitambaa vya dhahabu na zambarau, kimoja kimoja. Akanibusu. Akasema ukingo uliopindwa utazidisha unene, akaukata wote. Nilitazama pembeni. Muda wa kufyatua haukuwepo, theluji ilianza na ilibidi tupande kambini kabla barabara haijafungwa.

Ndani ya gari Lamar akamwambia kuhusu sufuria la Mwaka Mpya. Sasa huyo mtu ana maneno!

Corinne aliangalia theluji hadi darajani. Halafu akasema, "Nina kesho na kesho kutwa tu, mama. Jumapili narudi kazini. Ungeniachia hizo siku mbili ziwe zangu." Hakusema kwa hasira, na hapo ndipo paliponiuma.

Ijumaa, 26 Desemba. Kambini

Siku mbaya. Naandika nimekaa karibu na jiko, soksi zinakauka.

Wilda na Galen walitutangulia kambini. Kabla hatujamaliza uji tulisikia mlio mmoja kutoka mabondeni. Galen. Dume la pembe nane. Akaliburuta hadi mlangoni, mama yake akampiga picha kutoka kila upande, hata upande wa nyuma. Kisha Galen akalipakia kwenye gari lake kumpelekea mchinjaji mjini, yeye na begi lake lote la vifaa vya gobori, na minyororo ya matairi. Ndilo gari pekee linaloweza kushuka kwenye theluji hii. Atarudi Jumapili kutuchukua.

Corinne akasema kwanza apige gogo, alijue gobori lake. Baruti ndani, kitambaa changu, risasi, mdeki. Baruti laini kwenye kisahani. Akafyatua. Moshi mweupe, mlio wa kuzibua masikio. Nikapiga makofi.

Risasi ilipita mbali na gogo. Akashindilia ya pili. Haikushuka. Mdeki ukatoka na uzi wa zambarau unaonata kama sukari iliyoungua.

Majoho ya kwaya si pamba. Ni plastiki. Yameyeyuka ndani ya mtutu wa binti yangu!

Tulichemsha maji, tukasugua kwa sabuni, tukachemsha mengine. Kutwa nzima. Wilda alikaa anafuma, kila mara akiuliza kama tunamwogesha mtoto. Mtutu ulipokuwa safi jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya mlima. Siku ya kwanza imekwenda.

Na sasa hatuna vitambaa. Corinne akatufundisha: unakata kipande kidogo, unakiwasha. Pamba hugeuka jivu, plastiki hugeuka gundi. Tukaanza. Mifuko ya kulalia, gundi. Soksi, gundi. Taulo za jikoni ni za karatasi. Fulana ya ndani ya Lamar ni pamba lakini imechakaa, inachanika ukiitazama. Suruali ya jinzi ni nene mno, risasi haikuingia. Shati langu jipya ni pamba, nikaanza kulivua, Corinne akanikatalia kabisa. Akasema hajanunua zawadi ili aipige risasi. Na ni laini sana, linavutika.

Akaweka gobori kwenye kona. Akasema si kitu, atakwenda kesho kutembea tu, atazame theluji. Akasema hivyo akitabasamu. Namjua toka tumboni. Tabasamu lile alilitoa mara ya mwisho paka wetu alipokufa.

Nikaenda kuosha vyombo.

Nikainua macho. Vitambaa vyote vya ukutani, cha shemeji, marehemu kaka wa Lamar, cha binamu zake, cha Lamar. Nikavigusa kimoja kimoja. Vyembamba. Vya plastiki. Sufu. Kimoja tu ni pamba, nzito, iliyofumwa kwa karibu, haivutiki hata uning'inie.

Mistari ya buluu.

Mungu ananiona. Nilisimama pale mpaka maji yakapoa. Hicho kitambaa ndicho ushahidi pekee duniani kwamba Wilda alimkosa kulungu anayekula matofaa. Walioona wengine ni marehemu, na Lamar siku hiyo alikuwa na mafua. Kikitoka ukutani, ataanza kusema hajawahi kukosa. Atasema kabla ya sala na baada ya sala. Nitaosha vyombo nikitazama mbao tupu mpaka nizikwe.

Nikageuka. Corinne alikuwa anapangusa gobori lake, lile ambalo hatalipiga, sehemu ileile tena na tena.

Wilda alipotoka kwenda chooni nje, nikakitoa msumarini. Nikakikata kwa kisu cha mkate. Nikavipaka mafuta ya nguruwe, nikaviviringisha kwenye kikopo cha sigara cha shemeji. Nikamwambia Corinne nimepata mabaki ya mto chini ya kitanda. Akawasha ncha, ikawa jivu. Akanikumbatia mpaka mbavu zikalia.

Kwenye msumari nimetundika kishika-sufuria.

Jumamosi, 27 Desemba. Kambini

Lazima niandike kwa mpangilio.

Tulitoka gizagiza likianza kuondoka, Corinne na mimi. Nilimwomba anichukue. Akasema sawa, kwa sharti nisiseme neno. Sikusema neno. Hata nilipoteleza kwenye mfereji sikusema neno, nilisema herufi tu.

Tukakaa nyuma ya mti ulioanguka. Theluji mpya, hakuna upepo. Corinne akafunika kisahani kwa kiganja ili unyevu usiingie kwenye baruti. Mikono ile huingiza sindano kwenye mshipa usioonekana. Nilitamani Wilda aione.

Akaja jike mmoja, mnene, anachagua njia kama bibi harusi mwenye viatu vipya. Corinne akainua gobori polepole. Akabonyeza. Jiwe likagonga, kisahani kikawaka fyuu! Halafu kimya. Mtutu haukulia.

Kulungu akainua kichwa akatutazama. Mimi na yeye macho kwa macho. Kooni nikasikia kwikwi inapanda. Nikaumauma glovu. Nikaimeza. Wanawake wamezaa mapacha kwa kazi ndogo kuliko ile.

Corinne hakushtuka. Akachukua kile kijiti cha waya, akazibua kitundu, akatia unga mpya, akafunga kisahani. Vidole havikukimbia. Jike akashusha kichwa kula. Corinne akavuta pumzi, akaiacha nusu.

Mlio. Moshi, moshi, moshi. Sikuona kitu. Nikasimama nikauliza amekwenda wapi, amekwenda wapi. Hilo lilikuwa neno langu la kwanza na nadhani wakati huo niliruhusiwa.

Moshi ukapita. Jike alikuwa amelala palepale, kama ametandikwa.

Binti yangu akakaa kwenye theluji akalia kidogo. Nami nikalia, zaidi yake, maana nina uzoefu.

Basi tulikuwa bado tumeshikana pale ndipo Wilda akatokea kati ya miti, anatweta, Lamar nyuma yake. Alisikia mlio. Mkasi ulikuwa unachungulia mfukoni. Akamwona kulungu. Uso wake ukawa kama mtu aliyekunywa chai bila kujua imetiwa chumvi. Lakini akampa Corinne mkono, na akasema, "Hongera, mwanangu. Umepiga safi." Na alimaanisha. Lazima niandike ukweli, alimaanisha.

Kisha akainama.

Mwenye kupiga gobori anajua: kitambaa hakimfuati mnyama. Kikitoka mtutuni huanguka mbele kidogo, kimeungua ungua. Mimi nilikuwa nimelijua hilo. Nilikuwa nimelisahau.

Wilda akainuka na kitambaa. Kimesawijika katikati, lakini ukingoni mistari ya buluu ilikuwa mizima. Na wino wa zamani, herufi tatu: WIL.

Nikaanza kuhesabu miti.

Corinne akakichukua, akakisoma. Akanitazama. "Mama. Hiki ndicho kile cha juu ya sinki? Kile unachokitazamaga?"

Nikasema labda upepo.

Hakucheka. Alinishika uso kwa mikono yake miwili yenye masizi. Sitaandika alivyonitazama, hicho ni changu.

Nikamgeukia Wilda nikingoja radi. Wilda alikuwa anatabasamu! Akasema taratibu, anapima kila neno, kwamba kumbe kulungu wa kwanza wa Corinne ameuawa kwa shati la shangazi yake. Akasema atakitia kwenye fremu ya kioo. Kitakaa pale pale juu ya sinki, na chini yake maandishi yanayosema ni kitambaa kilichompiga. Na kuhusu lile jambo la matofaa, akauliza hewani, je, kuna mtu ana ushahidi?

Nikamtazama Lamar. Akasema siku ile alikuwa na mafua.

Halafu Wilda akakumbuka sheria. Ukuta hauwezi kubaki na pengo. Anayetoa pindo anaacha pindo. Nikasema hakuna sheria kama hiyo. Lamar akasema ipo, ya baba yake. Mwanaume huyu na maneno yake machache!

Nilikimbia. Sikufika mbali, theluji ilikuwa magotini. Aliyenishika ni Corinne, mtoto niliyemnyonyesha, anacheka machozi yanamtoka. Wilda akakata. Shati langu jipya, miraba myekundu, pamba tupu. Wameandika NORMA kwa wino, kubwa kama bango la barabarani.

Jioni tumekula maini na vitunguu. Corinne amesimulia kila kitu mara mbili, na mara ya pili mimi nilikuwa nimemeza kwikwi kubwa zaidi. Wilda aliosha vyombo. Alijitolea. Aliosha polepole sana.

Jumatatu, 29 Desemba

Corinne ameshafika salama Pittsburgh. Nyama iko kwa mchinjaji, sufuria la Mwaka Mpya lina uhakika. Mama wa posta ameniuliza kama alikuwa dume au jike. Nikasema pembe zilikuwa za kustaajabisha. Nilikuwa nafikiria za boksi.

Nimejifunza mengi msimu huu. Kwa mfano, kwamba toka mwanzo nilikuwa sahihi juu ya kila kitu isipokuwa mambo madogomadogo ya kiufundi.

Kabla hajaondoka Corinne alinivuta pembeni. Msimu unaendelea hadi katikati ya Januari na amepata siku za mapumziko. Anataka kurudi na baba yake. Lamar amewahi kulishika gobori lile mara moja tu, na akalirudisha taratibu kama mtoto wa mtu. Corinne anataka kumpa lake la jiwe, jipya, iwe zawadi ya ghafla. Nimnunulie vifaa. Kila kitu amekiandika kwenye ujumbe. Na nisimwambie mtu, wala Wilda, wala baba mwenyewe.

Nikamwambia atulie. Sasa mama yake ni mzoefu.

Leo asubuhi nikaenda kwa mzee Hepler. Ujumbe niliuacha nyumbani, kichwa changu kinatosha. Mzee Hepler akaegemea meza akauliza, safari hii ni la jiwe au la fataki?

Nikatazama nyuma. Galen alikuwa amesimama na soksi.

Siri ni siri. Nikasema la fataki.

Mzee Hepler alinitazama kwa muda mrefu sana, akaenda kuleta lile boksi lenye dume. Nikachukua mawili.